Kwa Nini "Wa" Huandikwa "Ha": Historia Iliyomo katika Somo la Kwanza la Kijapani

Utangulizi

Sentensi ya kwanza niliyofundishwa katika Kijapani ilikuwa fupi: Watashi wa gakusei desu, yaani "Mimi ni mwanafunzi". Matamshi yake hayakunisumbua. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, kama Kiswahili, na karibu kila silabi huishia kwa irabu. Mtu aliyezoea kusema "wanafunzi" hahangaiki kusema watashi. Tatizo lilikuja mwalimu alipoiandika sentensi hiyo ubaoni. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumekariri kwamba herufi は husomwa "ha". Sasa herufi hiyohiyo ilikuwa imesimama baada ya watashi, na mwalimu akaisoma "wa". Niliinua mkono nikauliza sababu. Akanijibu kwa upole: "Hiyo ndiyo kanuni. Ikariri tu."

Niliikariri, lakini swali halikunitoka. Masomo ya historia yamenizoesha kulitilia shaka neno "kanuni", kwa kuwa kila kanuni iliwekwa na watu fulani, wakati fulani, kwa sababu fulani. Insha hii ni jaribio la kulijibu swali langu mwenyewe. Nitaeleza kwanza jinsi Wajapani walivyopata herufi zao, kisha jinsi sauti zilivyobadilika herufi zikabaki, na jinsi dola ilivyoingilia kati mwaka 1900 na mwaka 1946. Mwishowe nitawatazama wanafunzi wa Kijapani ambao hawakupewa nafasi ya kuuliza swali kama langu, na nitasema kwa nini habari zao zinanihusu mimi, Mganda anayesomea Kiswahili.

Herufi za kuazima

Wajapani walikuwa na lugha yao kabla ya kuwa na maandishi. Maandishi yaliwafikia kutoka China kupitia rasi ya Korea. Ushahidi mmoja wa mapema ni upanga wa chuma uliochimbuliwa mwaka 1968 katika kaburi la kale la Inariyama, mkoani Saitama. Miaka kumi baadaye upanga huo ulipigwa eksirei, na chini ya kutu zikaonekana herufi 115 zilizotiwa dhahabu. Wataalamu wengi wanausoma mwaka uliotajwa humo kuwa 471. Sentensi zake ni za Kichina, lakini majina ya watu ni ya Kijapani. Mwandishi alizichukua herufi za Kichina kwa ajili ya sauti zake tu, maana zake akaziacha.

Ujanja huo mdogo ndio uliozaa kila kitu kilichofuata. Kijapani na Kichina hazifanani kwa muundo. Kitenzi cha Kijapani hukaa mwisho wa sentensi na hubeba viambishi vya wakati, ukanushi na heshima, jambo ambalo mzungumzaji wa lugha ya Kibantu hulielewa upesi. Kichina hakina viambishi vya namna hiyo. Kwa hiyo herufi moja ya Kichina, yaani kanji, ingeweza kuandika mzizi wa neno, lakini viambishi vingekosa pa kukaa. Katika Kojiki, kitabu kilichokamilika mwaka 712, na zaidi katika mkusanyiko wa mashairi uitwao Man'yōshū, ambao shairi lake la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 759, tunaona kanji zikitumiwa kwa wingi kama alama za sauti. Sauti moja iliweza kuandikwa kwa kanji nyingi tofauti, kadiri mwandishi alivyopenda.

Kanji ina mistari mingi, na mkono huchoka. Katika karne ya 9 ufupisho wa aina mbili ulijitokeza. Wa kwanza ulitokana na mwandiko wa haraka: kanji nzima ililegezwa mpaka ikawa mkunjo mmoja au miwili. Ndivyo ilivyozaliwa hiragana. Herufi は, iliyonitatiza darasani, ni kanji 波, maana yake "wimbi", iliyoandikwa mbiombio. Ufupisho wa pili ulifanywa na watawa wa Kibudha waliokuwa wakisoma maandiko ya Kichina na kuandika alama za usomaji kando ya mistari. Nafasi ilikuwa finyu, kwa hiyo walichukua kipande tu cha kanji. Kutoka 伊 walichukua upande wa kushoto wakapata イ, "i". Ndivyo ilivyozaliwa katakana.

Hiragana iliitwa "mkono wa mwanamke", kwa sababu elimu ya Kichina ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Lakini ni kwa mkono huo Murasaki Shikibu, mwanamke wa ikulu, aliandika hadithi ya Genji mwanzoni mwa karne ya 11, kazi ambayo hadi leo inahesabiwa kuwa kilele cha fasihi ya Kijapani. Hata mwanamume kama Ki no Tsurayuki, alipotaka kuandika kumbukumbu za safari yake kwa lugha yake mwenyewe karibu mwaka 935, alijifanya msimulizi wa kike.

Leo mwanafunzi hukutana na mifumo yote mitatu katika sentensi moja: kanji kwa mizizi ya maneno, hiragana kwa viambishi, na katakana hasa kwa maneno ya kigeni. Hapo pia mzungumzaji wa Kiswahili hujihisi nyumbani. Hoteli ni hoteru, kompyuta ni konpyūta, basi ni basu. Lugha zote mbili humpokea mgeni kwa kumvika irabu mwishoni. Usawa huo una mitego yake, kwani Kijapani hutofautisha irabu fupi na ndefu: obasan ni shangazi au mama mdogo, obāsan ni bibi. Nimeshawahi kumzeesha mtu kwa kuvuta irabu moja.

Sauti iliyohama

Hadi hapa tumepata herufi は, lakini hatujapata jibu. Kwa nini isomwe "wa"? Jibu liko katika mabadiliko ya sauti, na ushahidi wake umetoka katika sehemu mbili ambazo sikuzitarajia.

Wa kwanza ni kitendawili. Katika mkusanyiko wa vitendawili wa mwaka 1516 unaohusishwa na Mfalme Go-Nara, kimo kimoja kinachouliza ni kitu gani hukutana mara mbili kwa mama, lakini kwa baba hakikutani hata mara moja. Jibu lake ni midomo. Kwa matamshi ya leo kitendawili hicho hakina maana, maana mama ni haha na baba ni chichi, na katika maneno yote mawili midomo haikutani. Kitendawili kinaeleweka tu tukikubali kwamba zamani sauti ya "h" ilitamkwa kwa midomo, karibu na "f". Ukitamka neno la mama hivyo, midomo hukaribiana mara mbili.

Ushahidi wa pili ni wa Wareno. Wareno waliofika Tanegashima mwaka 1543 walitoka katika himaya ileile ya baharini iliyoiachia Kiswahili meza, leso na bendera. Kijapani nacho kiliachiwa pan, yaani mkate. Wamisionari wa Kijesuti waliowafuata walihitaji kujifunza Kijapani tangu mwanzo, kama mimi, na mwaka 1603 walichapisha kamusi ya Kijapani kwa Kireno huko Nagasaki. Mwaka uliofuata padri João Rodrigues alianza kuchapisha sarufi yake kubwa, iliyokamilika mwaka 1608. Waliandika Kijapani kwa herufi za Kirumi kama walivyokisikia. Ua, ambalo leo ni hana, waliliandika fana. Mtu, ambaye leo ni hito, waliandika fito. Lakini kile kijineno kinachofuata watashi hawakukiandika fa. Walikiandika va au ua, yaani sauti ya "w".

Kwa hiyo tayari mwaka 1603 herufi moja ilikuwa na sauti mbili. Wanaisimu wanaeleza kwamba karibu mwaka 1000 sauti hii ya midomo ililegea ikawa "w" kila ilipokuwa katikati ya neno, ila mwanzoni mwa neno ilibaki "f" na baadaye ikawa "h". Neno la mto liliandikwa kaha lakini likasomwa kawa. Kijineno chetu hakisimami peke yake, hushikamana na neno lililo mbele yake, kwa hiyo kilibadilika kana kwamba kiko katikati ya neno. Kalamu haikufuata ulimi. Watu waliendelea kuandika kama babu zao, wakasoma kama majirani zao.

Kubomoa au kukarabati

Kufikia karne ya 19 umbali kati ya kalamu na ulimi ulikuwa mkubwa. Neno "leo" lilitamkwa kyō lakini liliandikwa kefu. Kanji zilikuwa maelfu. Mwaka 1866 Maejima Hisoka, ambaye baadaye alianzisha huduma ya posta ya Japani, alimwandikia shoguni Tokugawa Yoshinobu akipendekeza kanji ziachwe kabisa. Hoja yake ilikuwa ya kielimu: mtoto anapoteza miaka akijifunza herufi badala ya kujifunza mambo. Mwaka 1872 Mori Arinori, aliyekuwa mwanadiplomasia mjini Washington, alikwenda mbali zaidi. Alimwandikia mwanaisimu wa Marekani William Dwight Whitney kuhusu uwezekano wa Wajapani kutumia Kiingereza kilichorahisishwa. Whitney alimshauri asiiache lugha yake. Mwaka 1874 Nishi Amane alipendekeza herufi za Kirumi. Fukuzawa Yukichi, mwaka mmoja kabla yake, alishika njia ya kati: kanji zisifutwe, zipunguzwe polepole hadi elfu mbili au tatu.

Ukiwasoma watu hawa unaona kwamba hawakuwa wakibishania mwandiko tu. Walikuwa wameona yaliyoipata China katika vita vya kasumba, na waliogopa kwamba taifa lisilosoma upesi litatawaliwa. Swali lao lilikuwa: tubaki nani, na tubakije huru? Ni swali ambalo Waafrika tumelijua vizuri.

Njia ya Fukuzawa ndiyo iliyoshinda, lakini polepole. Mwaka 1900 serikali iliamuru kwamba katika shule za msingi kila silabi ya hiragana iwe na umbo moja tu. Kabla ya hapo "ha" ingeweza kuandikwa kwa maumbo kadhaa, kila moja likitokana na kanji yake. Jedwali la herufi 46 ninalolitundika juu ya kitanda changu, kwa hiyo, linaonekana la kale lakini sura yake hii ina umri wa miaka mia moja na ushei.

Badiliko kubwa lilikuja baada ya kushindwa vitani. Machi 1946 ujumbe wa elimu kutoka Marekani ulipendekeza Japani ihamie herufi za Kirumi. Serikali haikufuata ushauri huo. Tarehe 16 Novemba mwaka huohuo ilitangaza mambo mawili kwa pamoja: orodha ya kanji 1,850 za matumizi ya kawaida, na tahajia mpya inayofuata matamshi. Kefu ikawa kyō, kaha ikawa kawa. Mwaka 1948 watu wapatao 17,000 walipimwa uwezo wa kusoma na kuandika, na walioshindwa kabisa walikuwa takriban asilimia 2. Hoja kwamba kanji zimewafanya Wajapani wengi kuwa wajinga wa kusoma ilipoteza nguvu. Orodha ya kanji iliongezwa hadi 1,945 mwaka 1981, na 2,136 mwaka 2010.

Na kijineno chetu? Tahajia mpya ilibadilisha karibu kila kitu, isipokuwa vijineno vitatu: は inayosomwa "wa", へ inayosomwa "e", na を inayosomwa "o". Kwa maoni yangu sababu inaeleweka. Vijineno hivi hutokea karibu kila sentensi, na kuvibadilisha kungebadilisha sura ya kila ukurasa. Tena Kijapani hakiachi nafasi kati ya maneno, kwa hiyo umbo lisilo la kawaida humsaidia msomaji kuona neno linapoishia. Hilo ndilo jibu nililolitafuta. Kile ambacho mwalimu wangu alikiita kanuni ni maafikiano ya mwaka 1946 kati ya waliotaka kubomoa na waliotaka kuhifadhi. Nikiandika は, ninaandika matamshi ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Wanafunzi ambao hawakuchagua

Ningeweza kuishia hapo, na insha ingekuwa ya kupendeza. Lakini historia ya kujifunza Kijapani tangu mwanzo haikuandikwa na wamisionari na wanafunzi wa hiari peke yao. Kwa nusu karne, wengi wa wanafunzi wapya wa lugha hii nje ya Japani walikuwa watoto wa makoloni.

Japani iliichukua Taiwan mwaka 1895. Mwaka huohuo mwalimu Izawa Shūji alifungua darasa la Kijapani huko Zhishanyan, karibu na Taipei. Tarehe 1 Januari 1896 walimu sita wa shule hiyo waliuawa na Wataiwan waliokuwa wakiupinga utawala mpya. Dola ya Japani iliwafanya walimu hao kuwa mashahidi wa elimu. Sidhani kwamba waliouawa walistahili kifo. Lakini sidhani pia kwamba waliowaua walikuwa na ugomvi na sarufi.

Huko Korea, iliyotwaliwa mwaka 1910, Kijapani kilifundishwa shuleni kwa jina la kokugo, yaani "lugha ya taifa", huku lugha ya watoto wenyewe ikisukumwa kando. Mwaka 1938 Kikorea kilifanywa somo la hiari, na hatimaye kikatoweka madarasani. Mwaka 1940 familia zilishinikizwa kuchukua majina ya Kijapani. Mwaka 1942 wanachama wa Chama cha Lugha ya Kikorea, waliokuwa wakitunga kamusi, walikamatwa, na wawili kati yao walifia gerezani. Miswada ya kamusi yao ilichukuliwa. Septemba 1945, baada ya Japani kushindwa, ilikutwa katika ghala la stesheni ya treni ya Seoul, na juzuu la kwanza likachapishwa mwaka 1947.

Jalada la kitabu changu limeandikwa Nihongo, "lugha ya Japani". Mtoto wa Seoul wa mwaka 1940 alikuwa na kitabu cha kokugo. Herufi は ilikuwa ileile, na inaelekea mwalimu wake naye alimwambia aikariri tu. Tofauti ni kwamba mimi ningeweza kufunga kitabu nikaenda zangu.

Jajja na lugha ya askari

Kwa nini jambo hili linanigusa? Nilipomwambia bibi yangu, ambaye sisi Waganda humwita Jajja, kwamba nimechaguliwa kusomea Kiswahili chuo kikuu, aliuliza: "Unataka kuwa askari?" Hakuwa akitania. Kwake Kiswahili ni sauti iliyogonga mlango usiku na iliyosimamisha basi kwenye kizuizi cha barabara.

Kumbukumbu yake ina historia. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la kikoloni, King's African Rifles. Gavana William Gowers alipotaka kukipa nafasi kubwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa alipinga, akihofia Luganda kitamezwa. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Katiba ilipokifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, wazee wengi walikuwa wameshakisikia mara nyingi mno kutoka kwa watu wenye bunduki.

Darasani tunapenda kusema kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja, ya ukombozi, ya biashara na ya utani. Yote ni kweli. Utenzi wa Tambuka ulikwisha kuandikwa kwa herufi za Kiarabu mwaka 1728, muda mrefu kabla ya jeshi lolote la kikoloni. Lakini mwanafunzi anayejua upande huo tu ni kama mwanafunzi wa Kijapani anayemjua Murasaki Shikibu asijue Zhishanyan. Lugha haina hatia wala sifa yenyewe. Ila kila mtu aliyeanza kuisoma aliianza mahali fulani, mbele ya mwalimu fulani, akiwa na uhuru wa kukataa au bila uhuru huo.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba jambo dogo linaloudhi katika somo la kwanza la Kijapani lina historia ndefu: herufi iliyoazimwa China, sauti iliyolegea karibu mwaka 1000, na uamuzi wa serikali iliyoshindwa vita mwaka 1946. Nimeonyesha pia kwamba somo hilohilo lilifundishwa kwa nguvu kwa watu wengine. Mambo hayo mawili hayafutani. Uzuri wa hiragana haupunguzi uchungu wa Mkorea aliyebadilishwa jina, na uchungu huo haunifanyi nitupe kitabu changu.

Ninalolipendekeza kwa wanafunzi wenzangu na kwa walimu wetu ni hili: mwanafunzi mpya akiuliza "kwa nini", asiambiwe tu akariri. Tunapowafundisha Waganda Kiswahili, tutakutana na wanaotaka kujua kwa nini "watoto wanacheza" lakini "vitoto vinacheza", na tutakutana na wanaotaka kujua kwa nini bibi zao hutoka sebuleni redio inapoanza taarifa ya habari ya Kiswahili. Maswali yote mawili ni ya somo la kwanza, na yote mawili yana majibu.

Kwa upande wangu, siku hizi naandika は bila kunung'unika. Jajja bado haitikii salamu yangu ya Kiswahili. Zamani nilikuwa nikiirudia mara mbili, mara tatu, nikidhani atazoea. Nimeacha. Namsalimia kwa Luganda, nikishajibiwa naendelea na masomo yangu.